Ngozi ya Shimo Jeusi

Mbinga,
13 Agosti 1997

Mpendwa Kaka Thadei,

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi Natalia na watoto, na kwamba ile homa ya mwezi uliopita imekwisha kabisa. Mimi sijambo ukiacha mafua, maana baridi ya huku mwaka huu imekaza. Asubuhi natembea kwenda ofisini mikono nimeificha kwapani kama mtu aliyeiba kitu. Usipa wa huko ziwani uliomkabidhi dereva wa lori umefika wote, mkavu na bila mchanga. Nusu nimempelekea Mama kijijini Namswea. Ameutazama, ameuonja, akasema sasa ameamini kwamba una mke.

Mama mwenyewe hajambo, isipokuwa mkono wake wa kulia unazidi kutetemeka. Kahawa imeiva yote kwa mkupuo mmoja, na wanunuzi binafsi wamejaa mjini kuliko mwaka jana, kila mmoja na mizani yake na kibao chake. Lakini si kahawa iliyonifanya nikae kuandika. Mteremko wa Mama uko mbioni kuchukuliwa, na katika jambo hilo mimi nina sehemu ambayo hujaambiwa na mtu. Nitaieleza. Niruhusu tu nianze na lile daftari la habari za nyota ulilonitumia, kwa sababu bila daftari lile nisingekuwa na uwezo wa kuandika yanayofuata.

Nimelisoma mara tatu. Nimeelewa hivi, na unisahihishe nikikosea. Nyota kubwa ikiishiwa moto hujiangukia yenyewe na kujibana, mpaka uzito wake unazuia hata mwanga usitoke. Hilo ndilo shimo jeusi. Lina mpaka unaolizunguka pande zote, ambao wewe umeuita ngozi, na kitu kikishavuka ngozi hakirudi. Halafu wapo wataalamu wanaosema kwamba kila kitu duniani, ukikichambua mpaka mwisho kabisa, ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka kama uzi wa gambusi. Hesabu yao haikubali isipokuwa ulimwengu uwe na vipimo kumi: urefu, upana, kimo, wakati, na vingine sita tusivyoviona, kwa kuwa vimejikunja vikawa vidogo kuliko chochote tunachoweza kukipima.

Kwenye vile sita nilikwama siku mbili. Mzee Nazari, tarishi wetu, alinikuta na daftari saa ya chakula akauliza nasoma nini. Nikamwambia nasoma habari za mashimo. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema, mwanangu, Mmatengo mzima, umezaliwa Namswea, umekaa shule miaka kumi na mitatu, kumbe ulikuwa unatafuta mashimo? Ungemuuliza mama yako akakuonyesha kwa jembe.

Alidhani ananitania, lakini alikuwa amenikwamua. Wewe unajua tulivyolelewa. Nyasi zinafyekwa kwa nyengo, zinalazwa kwa mistari ya kukatana kama nondo za dirisha, kisha udongo wa katikati unachimbwa na kufunikwa juu ya nyasi. Katikati panabaki shimo, ndiyo ngolo yenyewe, pembeni panakuwa tuta, maharage yanaota kwenye tuta na mvua inatulia shimoni badala ya kuuchukua mlima. Sasa simama ng'ambo ya kijito uutazame mteremko huo. Utaona kitambaa kimetandazwa, kina urefu na upana, basi. Mama anaweza kuchuchumaa ndani ya ngolo akapalilia asubuhi nzima na wewe usimwone. Kila mahali kwenye kitambaa kile pana kipimo cha tatu kilichofichwa na umbali wako tu. Nikasema moyoni, ikiwa mteremko wa Mama una kina usichokiona kutoka ng'ambo, ulimwengu nao unaweza kuwa na sita, na sisi tumesimama ng'ambo.

Mwisho wa daftari uliniuliza swali ukataka jibu la karani. Ulisema barua ikichomwa moto haijapotea kweli, kwa sababu mwenye uwezo wa kufuatilia kila chembe ya moshi, ya jivu na ya mwanga angeweza kuisoma upya. Lakini barua hiyo ikimezwa na shimo jeusi, na shimo lenyewe likayeyuka polepole kwa joto kama wanavyodai, joto lile halibebi neno hata moja. Ukasema wewe uko kambi ya wanaoamini kwamba imepotea moja kwa moja. Mwezi Juni nilikujibu kwa mistari miwili kwamba nakubaliana nawe. Leo nakukatalia, kaka.

Sasa habari zenyewe. Kampuni ilikuja mwezi Machi ikitafuta eneo la kufungua shamba kubwa la kahawa. Mpimaji wao alishuka kwenye gari ng'ambo ya kijito, hakuvuka kwa kuwa daraja la miti lilikuwa na utelezi, akautazama mteremko wetu kwa darubini. Upande wa Mama na jirani zake ulikuwa umepumzishwa mwaka huu, nyasi zimesimama. Akaandika kwamba eneo ni pori lisilotumika, lenye mashimo ya zamani, huenda ya watafuta madini. Taarifa hiyo nimeipokea kwa mikono yangu na kuigonga muhuri. Nilicheka peke yangu masjala, Mungu anisamehe, nikidhani kila atakayeisoma atacheka.

Bwana Meshack, mkuu wetu wa kazi, hakucheka. Si mtu mbaya, na nataka ulijue hilo kabla hujamchukia. Baba alipofariki alitoa gari bila kuombwa, na alikaa matangani mpaka asubuhi. Lakini kwao ni tambarare, na kwa mtu wa tambarare shimo shambani ni mahali palipoharibika. Nilijaribu kumweleza ngolo. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia kwamba nchi sasa imefungua milango, wawekezaji hawatasubiri wazee wachimbe vishimo kwa mikono.

Mwezi Mei kijiji kilikaa mkutano na kukataa. Muhtasari ulikuwa na sahihi na dole gumba za watu arobaini na mmoja. Mama alikuwa wa nne. Kwa ajili ya mkono wake aliweka dole. Aliyeleta karatasi ofisini ni Shangazi Hildegardi, kwa miguu, akiwa ameifunga ndani ya khanga kama mtoto mchanga. Alikataa kuondoka mpaka auone muhuri ukigongwa, na nilipougonga akasema niurudie, safari hii kama mtu aliyekula. Ofisi nzima ilisikia.

Niliuandika muhtasari ule kwenye rejesta ya barua zinazoingia, nikautia kwenye jalada la eneo lile, ukapata namba yake kwa wino mwekundu: folio ya kumi na saba. Wenzangu kwenye rejesta huandika mstari mmoja. Mimi, kwa woga wangu wa kuja kuambiwa nimepoteza kitu, huandika mitatu au minne: idadi ya sahihi, jina la kwanza na la mwisho, aliyeleta ni nani. Mzee Nazari husema iko siku nitaandika na harufu ya bahasha.

Jumatatu hii, tarehe kumi na moja, Bwana Meshack aliitisha mkutano Namswea akiwa na bwana mmoja wa kampuni. Nilichukuliwa ili nibebe jalada na kusoma nitakapoambiwa. Rejesta haitoki ofisini, ndiyo sheria yetu, lakini asubuhi ile niliiweka kwenye kikapu chini ya sweta. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa naogopa tu, na nikiogopa huwa nabeba karatasi.

Bwana Meshack aliwaambia watu kwamba taratibu zote zimefuatwa na kwamba ofisi haijapokea pingamizi lolote. Shangazi Hildegardi alisimama hapohapo, akauliza yeye alikuja mjini kufanya nini mwezi wa tano, kutalii? Watu wakaangua kicheko. Bwana Meshack akafungua jalada, akawaonyesha wazee wa mbele namba moja baada ya nyingine mpaka folio ya ishirini na moja. Ripoti, barua, ramani. Muhtasari wa kijiji haukuwemo. Bwana wa kampuni akasema kwa sauti ya kirafiki kwamba pengine akina mama waliota. Shangazi akamjibu kwamba yeye akiota huota wanaume waliovaa vizuri zaidi.

Ndipo Mama aliposimama. Unajua hazungumzi mikutanoni. Alisema dole lake liko kwenye karatasi ile na aliyeipokea ni binti yake, huyu hapa, aulizwe. Bwana Meshack akanitazama kidogo, akasema kwa huruma kwamba makarani ni vijana, kazi ni nyingi, huenda karatasi ilipotea masjala. Mama akacheka, kaka. Akasema mtoto huyu hajawahi kupoteza hata kifungo cha shule. Akasema kama Beata amesema imekuja, imekuja, na kama haipo, imetolewa.

Nilisimama. Nikatoa rejesta chini ya sweta nikasoma: tarehe kumi na mbili Mei, muhtasari wa mkutano wa kijiji kukataa kutoa eneo, sahihi na dole arobaini na moja, la kwanza Sebastian Ndunguru, la mwisho Winifrida Kapinga, umeletwa na Hildegardi Kinunda, umewekwa folio 17. Bwana Meshack aliniambia taratibu nikae chini. Sikukaa. Nikaligeuza jalada na kuwaonyesha ganda lake la nje, pale tunapoandika kila linapokwenda. Limeandikwa kwa mkono wangu kwamba tarehe kumi na sita Juni lilipelekwa kwa mkuu likiwa na folio ishirini na mbili, na kwa herufi zake mwenyewe kwamba lilirudi tarehe kumi na saba. Ndani zimo ishirini na moja.

Hapo ndipo nilipolielewa daftari lako. Umeandika kwamba mwaka jana wataalamu wa nyuzi walilichukua shimo jeusi la aina yake, wakajumlisha namna zote ambazo nyuzi zingeweza kujizungusha ndani ya vile vipimo vilivyojikunja, na jumla yao ikalingana sawasawa na ile iliyokuwa imekadiriwa zamani kwa kupima eneo la ngozi yake. Maana yake, nilivyoielewa mimi, ni kwamba shimo halimezi kimyakimya. Kadiri linavyomeza ndivyo ngozi yake inavyopanuka, na hesabu ya kila kilichoingia inalingana na ngozi. Ulinionya nisiwe na haraka: shimo walilohesabu ni la kwenye karatasi, si lile la angani, na vipimo sita hakuna aliyeviona. Nimekusikia. Lakini shimo la kwenye karatasi ndilo ninaloishi nalo kila siku, kaka, na ngozi ya jalada nimeishika kwa mikono yangu mbele ya kijiji kizima. Aliyetaka kuipoteza habari ile alitazama ndani tu. Nje hakutazama.

Bwana wa kampuni alisema maandishi ya rejesta si karatasi yenyewe, na bila karatasi hakuna pingamizi. Wazee wakasema basi waje wakubwa kutoka mkoani. Wakakubaliana. Jumatatu ijayo watu wa mkoa watakaa Namswea kulichunguza jambo hili, na watakaloamua ndilo litakalokuwa: ama mteremko unabaki kwa Mama na wenzake, ama unakwenda.

Tulipokuwa tunaondoka watu walinishika mikono. Mama aliniambia Baba angefurahi. Nilipanda gari nikajifanya nina mafua kuliko nilivyokuwa nayo.

Sasa nakueleza, na ukimaliza kusoma unaweza kunikasirikia upendavyo. Karatasi ile niliitoa mimi.

Tarehe kumi na saba Juni Bwana Meshack aliniita. Jalada lilikuwa mezani kwake. Hakunifokea. Aliniambia kwamba orodha ya wafanyakazi watakaopunguzwa inakwenda mkoani wiki ile, kwamba haijakamilika, na kwamba folio ya kumi na saba inachanganya mambo. Kisha akanigeuzia mgongo, akawa anaota moto. Kulikuwa na jiko la mkaa ofisini kwake, si unajua Juni ya Mbinga. Nilifungua kamba ya jalada, nikaichomoa karatasi, nikampa kwa mikono miwili na goti nikakunja kidogo, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu. Aliiweka juu ya mkaa mbele yangu. Ilijikunja kuanzia chini, na dole la Mama, kwa kuwa lilikuwa la juu, lilikaa muda. Halafu nilirudi masjala, nikachukua wembe, nikazikwangua namba nyekundu za folio tano zilizofuata, ya kumi na nane nikaiita ya kumi na saba, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilifanya kazi nzuri. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Wiki ile nilikuandikia kwamba kuna jambo zito kazini, bila kulitaja. Ukanijibu kwamba nyakati hizi kazi hazipatikani, nikae kimya, nifanye ninavyoambiwa. Hukujua ulikuwa unajibu nini, sikulaumu. Lakini nilikuwa nimeshafanya, na nililala juu ya barua yako kama mtu aliyepewa ondoleo la dhambi. Swali lako la shimo jeusi nililijibu siku hiyohiyo. Nilitaka sana iwe kweli kwamba kinachopotea kimepotea.

Jumatatu niliposimama na rejesta, watu waliona ujasiri. Nilisema karatasi ilikuja, nikasema haipo, na nilipofika mahali pa kusema ni nani aliyeichomoa nikafunga rejesta. Niliyaacha maneno ya Mama ya kifungo cha shule yanilinde. Watu wa mkoa wakija, Bwana Meshack atasema karani ameipoteza kwa uzembe, na ushahidi wangu utakuwa ushahidi wa karani mzembe anayejitetea. Bila mtu wa kusema karatasi ilikwenda wapi, mteremko utakwenda. Mtu huyo ni mimi tu. Mzee Nazari nimemwambia jana, kwa sababu nilihitaji kumwambia mtu mzima. Hakutania. Aliuliza kama najua kwamba kuharibu nyaraka za serikali ni kesi. Nikasema najua hata kifungu chake, nimekigonga muhuri mara nyingi kwenye barua za wengine.

Basi leo asubuhi nimeandika maelezo yangu, ukurasa mmoja, bila kujipamba. Nimeandika nilichoambiwa, nilichofanya, siku na saa, na jinsi folio tano zilivyokwanguliwa, ili wakiziinua kwenye mwanga waone karatasi ilivyopauka. Nimeandika na majina ya waliotia sahihi kadiri ninavyoyakumbuka: thelathini na sita. Matano yamenitoka, na sikuyabuni. Nimetia sahihi. Nimegonga muhuri, mara mbili, Shangazi angeridhika. Nimeyaingiza kwenye rejesta kama barua nyingine yoyote, nikayapa namba, nikayatia kwenye jalada kuwa folio ya ishirini na mbili. Nakala moja imekwenda kijijini kwa mkono wa Mzee Nazari, nyingine iko kwenye bahasha ya watu wa mkoa. Ya tatu nilimpelekea Bwana Meshack saa nne. Nilimpa kwa mkono mmoja. Aliisoma amesimama, akaniuliza kama nimefikiria maisha yangu. Nikamwambia naogopa sana, mkuu, na nakala nyingine tatu zipo.

Mama nitamwambia Jumapili baada ya misa, kabla hajasikia kwa wengine. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko polisi.

Najua utapanda lori kuja kunishawishi. Njoo kama ni kuja kumkalia Mama karibu, nitashukuru. Usije kuniomba niyaondoe maelezo yale, kaka. Namba iliyofuata kwenye rejesta imeshachukuliwa na barua ya mwalimu wa Matiri anayeomba likizo ya uzazi, na inayofuata hiyo ni ya mtu anayelalamikia mbuzi wa jirani. Anayetaka kunitoa humo itabidi amtoe na mwalimu, na mbuzi, na Mbinga yote iliyoandika baada yangu.

Nisalimie wifi Natalia, umwambie amepata sifa ugenini kwa mkono wake wa usipa. Wabusu watoto. Mpe Padri Othmar shikamoo yangu na asante kwa magazeti ya sayansi anayokuazima, na umwambie kuna msomaji wake mmoja huku milimani ambaye bado hajaelewa vipimo sita lakini hajakata tamaa. Mama na Shangazi Hildegardi wanakusalimu. Mungu awatunze huko ziwani.

Ni mimi mdogo wako,
Beata Kinunda,
Karani wa masjala, hadi nitakapoandikiwa vinginevyo.